Ubatizo Ziwani: Jengo, Maji na Kusanyiko Kando ya Ziwa Edward

Bulengera ni moja ya komini nne za mji wa Butembo. Tuko milimani, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku juu, kanisa linalobatiza kwa kuzamisha hujenga birika la saruji au hushuka kwenye kijito. Ndugu zetu wa Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge hawahitaji birika, kwa maana wana Ziwa Edward. Makala hii inaeleza jinsi ziwa linavyoongoza ibada yao, na wajibu unaofuatana nayo.

Ziwa na vijiji vyake

Ziwa Edward lina eneo la kilometa za mraba 2,300 hivi, na sehemu kubwa iko Kongo. Mto Rutshuru unaingia kusini, karibu na Vitshumbi. Mto Semliki unatoka kaskazini, karibu na Kyavinyonge, ukielekea Ziwa Albert na mwishowe Nile. Vijiji hivyo vitatu vya wavuvi vimo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kwa hiyo kiwanja cha kujenga ni kidogo, na kukata miti hovyo kumekatazwa.

Birika au ziwa?

Kanisa limejua njia zote mbili tangu zamani. Didake, mafundisho ya Wakristo wa kwanza, inapendelea maji yanayotiririka; yakikosekana, inakubali maji mengine, hata kumiminwa kichwani mara tatu. Huko Dura-Europos, Syria, katika karne ya 3, Wakristo waligeuza nyumba ya kawaida kuwa mahali pa ibada na kutenga chumba kimoja kwa ubatizo. Basi tusidharau birika, wala tusidhani kwamba maji ya ziwa yana nguvu kuliko mengine. Anayeokoa ni Kristo.

Siku ya ubatizo

Penye birika, kuta huwakusanya watu. Ufukweni, watu wenyewe ndio kuta. Kwaya inatangulia kwa nyimbo, wanaobatizwa wanafuata, na kusanyiko linasimama ukingoni. Mashemasi wanaingia majini kwanza kupima kina, kisha wanasimama upande wa ndani ili mtu asiteleze. Akina mama wanatandaza vitenge kuwasitiri wanaobadili nguo. Mvuvi asiyesali popote naye huacha nyavu zake na kutazama. Ushuhuda unatolewa mbele ya kijiji kizima.

Maji yale yale

Lakini ziwa hilo hilo ndilo watu wanamooga, wanamofulia, wanamosafishia samaki na wanamochota maji ya kunywa. Kipindupindu kimekuwa kikirudi mara kwa mara katika maeneo ya maziwa ya mashariki mwa Kongo. Mtu anaweza kutoka kwenye ubatizo kwa furaha, akala karamu, akanywa maji mabaya, na kesho yake akalazwa. Kwa hiyo kila kanisa la ufukweni lizingatie haya:

- Kuchagua mahali mbali na vyoo, mitaro na pa kusafishia samaki.
- Kuuliza wavuvi kama viboko wanapita hapo, na kungoja ziwa litulie.
- Kufundisha wanaobatizwa kufunga kinywa na kutomeza maji.
- Kuandaa maji ya kunywa yaliyochemshwa au kutiwa klorini, na ya kunawa mikono kwa sabuni.
- Kuahirisha ibada ya ziwani wahudumu wa afya wanapotangaza kipindupindu.

Kuahirisha si kukosa imani. Ubatizo unaweza kungoja juma chache, lakini mtoto anayeharisha hawezi kungoja.

Na sisi wa milimani tusijione salama. Samaki wa ziwa hilo wanauzwa katika masoko yetu, na wachuuzi wanapanda na kushuka. Kanisa likijenga, lianze na choo na tangi la kukinga mvua ya paani, ndipo lifikirie mnara. Tukiwaita watu waingie majini kwa jina la Bwana, tuwape pia maji wanayoweza kunywa bila hofu.