Kwa Nini Damu Hupimwa Kabla ya Mama Kuongezewa?

Leo tuzungumze juu ya damu.

Mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua, mara nyingi mume husema, "Daktari, toeni yangu mumpe." Huambiwa ni lazima ipimwe kwanza. Jamaa huona wanacheleweshwa. Lakini kipimo hicho kilipatikana baada ya watu wengi kupoteza maisha.

Huko London, Uingereza, daktari wa uzazi James Blundell alihuzunishwa na vifo vya akina mama waliovuja damu. Mwaka 1818 alianza kuwaongezea wagonjwa damu ya binadamu. Mwaka 1829 aliandika habari za mama aliyevuja damu baada ya kuzaa, akapewa damu ya msaidizi wa daktari, akapona. Wagonjwa wengine walikufa. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba damu za watu hutofautiana.

Jibu lilitoka Vienna, Austria. Mwaka 1901 Karl Landsteiner alieleza jinsi alivyochanganya damu yake na za wenzake kazini. Nyingine zilipatana, nyingine ziligandana vibonge vibonge. Ndipo makundi ya damu yakajulikana. Leo tunayataja manne: A, B, AB na O. Mwaka 1940 yeye na Alexander Wiener walitangaza Resusi, ndiyo ile alama ya chanya au hasi inayoandikwa kando ya kundi lako.

Damu isiyolingana ikiingia, kinga ya mwili huishambulia. Chembe nyekundu hupasuka, figo huweza kushindwa kufanya kazi, na mgonjwa anaweza kufa. Mtu wa kundi A asipewe B, wala wa B asipewe A. Wa O apewe O tu. Usishangae, mama: hata mtoto uliyemzaa mwenyewe anaweza kuwa na kundi tofauti na lako.

Basi ufanye nini? Ukiwa mjamzito, nenda kliniki mapema upimwe, na kundi lako liandikwe katika kitabu cha mama na mtoto. Ukiambiwa wewe ni hasi, uliza juu ya sindano ya kumkinga mtoto atakayefuata. Sindano hiyo ilianza kutumika mwaka 1968.

Ukiwa kando ya mgonjwa anayeongezewa damu, mwangalie. Akipata homa, akitetemeka, akiumwa kiuno, akipumua kwa shida au akikojoa mkojo mwekundu, mwite muuguzi mara moja aisimamishe damu hiyo.

Naye baba anayetaka kusaidia asingoje siku ya kilio. Atoe damu mapema, ipimwe na kuhifadhiwa. Siku ya dharura, mama fulani ataikuta tayari.