Sindano ya Ng'ombe Iliyowarudisha Nyumbu

Juzi mnadani mzee mmoja aliniuliza, "Bwana shamba, hawa nyumbu wana kazi gani zaidi ya kumaliza majani ya ng'ombe wetu?" Nikamjibu, "Mzee wangu, kazi wanayo, na ilionekana pale walipokosekana." Sikilizeni.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka iliingia kwa upande wa Eritrea ikashuka kusini. Kufika mwaka 1891 ilikuwa imeshatua katika nchi ya Wamasai. Ng'ombe walikufa wengi mno, na watu wakafa kwa njaa. Nyati na nyumbu nao wakateketea. Balaa lile likapita, lakini ugonjwa haukuondoka. Kwa miaka mingi uliendelea kuua ndama wa nyumbu.

Basi, walaji wakiwa wachache, majani ya Serengeti yalibaki marefu. Kiangazi yalikauka, moto ukishika unasambaa mbali, na miche ya miti inaungua kabla haijainuka.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ng'ombe wa pembezoni mwa mbuga walichanjwa. Nyumbu hawakuchanjwa. Lakini kufika mwaka 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwao pia! Kumbe ilikuwa ikitoka mazizini kwetu, wala si kwao. Mwaka 1961 walihesabiwa nyumbu wapatao 260,000. Mwaka 1977 walipita 1,300,000. Wakala majani, moto ukapungua, miti ikaanza kusimama tena, na mavi yao yakarutubisha udongo.

Sisemi nyumbu hana madhara. Anapozaa, kati ya Januari na Machi, ndama wake huambukiza ng'ombe homa inayoua. Wazee wa Kimasai walilijua hilo zamani, wakahamisha mifugo yao. Nanyi fanyeni hivyo hivyo.

Sotoka ilitangazwa kwamba imetokomezwa duniani mwaka 2011. Magonjwa mengine bado yapo. Kwa hiyo bwana mifugo akija na sindano, ndugu yangu, usifiche hata ng'ombe mmoja porini kwa kuogopa kuhesabiwa. Huyo mmoja aliyefichwa anaweza kurudisha ugonjwa kwa jirani yako, na hata mbugani.

Haya, tukutane wiki ijayo. Kwaherini.