Juma Bhalo na taarab ya Kihindi

Juma Bhalo (1942–2014), kwa jina lake kamili Mohamed Khamis Juma Bhalo, alikuwa mwimbaji wa Mombasa aliyesifika kwa taarab ya Kihindi. Lahani zilitoka kwenye filamu za Bombay, maneno yakawa ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Sauti yake ilivuka kivuko cha Likoni ikasambaa kusini hadi Gazi, kijiji cha wavuvi kati ya Diani na Msambweni, ambako lugha ya nyumbani ni Chidigo lakini wimbo wa mapenzi husikilizwa kwa Kiswahili.

Filamu za Kihindi zilijaza sinema za Mombasa tangu miaka ya 1950. Watu walitoka wakiimba lahani za waimbaji Mohammed Rafi na Lata Mangeshkar bila kujua maana ya maneno. Waimbaji wa pwani wakazitia mashairi yao. Wapo waliouona mtindo huu kuwa ni uvivu, hasa ukilinganishwa na udi wa Zein l'Abdin wa Lamu, uliosimama juu ya elimu ya muziki wa Kiarabu. Mimi siafikiani nao. Kazi ngumu ya Bhalo ilikuwa mahali pengine.

Ilikuwa kwenye mizani. Ubeti wa kawaida wa Kiswahili una mishororo ya mizani 16, 8 kila kipande, na vina vyake havitaki mchezo. Lahani ya filamu haikutungwa kwa kipimo hicho. Mwimbaji hubanwa pande mbili: akiifuata lahani, neno linavunjika, akilishika neno, lahani inampita. Chukua neno dogo kama "moyo", lenye mizani 2 tu. Akilifikia mwimbaji wa mtindo huu, silabi ya kwanza hupanda, huyumba juu kwa juu, kisha hushuka taratibu kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Silabi ya pili huja imechelewa, nyepesi, na kina kinatua pale pale kilipotakiwa. Machozi yamo katika huko kuchelewa. Kinanda cha kupepea kwa mkono humfuata nyuma kidogo, na tabla haikimbii.

Maneno yenyewe mara nyingi yalitoka kwa jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa diwani ya Malenga wa Mvita iliyochapishwa mwaka 1971. Humo mpenzi aweza kuwa ua, pete au chombo kilichokatika nanga, na msikilizaji huachiwa kazi ya kufumbua. Kwingine hawakufumba: katikati ya miaka ya 1980, vijana wa Washington huko Marekani walichukua magitaa ya panki wakaanza kuimba maumivu yao waziwazi, na muziki huo ukaja kuitwa emo. Bhalo alifika kwenye jeraha lile lile kwa njia ya fumbo. Hakuhitaji kusema aliyemwacha ni nani. Kila aliyekaa mkekani alijaza jina lake mwenyewe.

Ndiyo maana wanaume walimpenda mno. Mila ya mwambao haimruhusu mwanamume kulia mbele za watu, labda msibani, na hata huko hujizuia. Usiku wa arusi, wimbo ulimpa ruhusa. Mtu mzima mwenye kofia ya vito alinyanyuka, akapita polepole mbele ya safu, akamtunza mwimbaji noti, na kila mtu alielewa kwamba ubeti ule umemgusa pabaya. Hakuna aliyemuuliza.

Kwa wale wasioweza kumleta Bhalo arusini, zilikuwapo kanda. Maduka ya Mji wa Kale kama Mbwana Radio Service yalirekodi na kuuza taarab kwa miaka mingi, na kanda hizo zilisafiri kwa matatu mpaka vijiji vya Kwale. Zilichezwa zikachoka. Utepe ukitoka, ulirudishwa kwa penseli iliyotiwa kwenye tundu la kanda na kuzungushwa kwa subira, kwa sababu nakala nyingine ilikuwa ng'ambo ya maji.

Miaka yake ya mwisho Bhalo aliacha kuimba, na alifariki Aprili 2014. Chezesha kanda yake Gazi baada ya isha, maji yakiwa yamejaa mpaka kwenye mikoko, utasikia mlango wa jirani ukifunguliwa. Hatasema kitu. Atavuta kiti, atasubiri kina.