Kosa la Nani, Mont-Blanc au Imo?

Siku saba tu baada ya mlipuko, Halifax ikiwa bado inazika wafu wake, uchunguzi ulifunguliwa mahakamani. Mji huo wa Kanada ulikuwa umepoteza watu karibu 2,000 asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917, na ulitaka kuambiwa nani aliyewaua.

Meli zenyewe ziligongana polepole. Mont-Blanc ya Ufaransa ilikuwa ikiingia bandarini, imesheheni baruti za vita. Imo ya Norway ilikuwa ikitoka tupu. Sheria ya bahari inataka kila chombo kishike kulia kwake penye njia nyembamba, lakini Imo ilikuwa kushoto. Mont-Blanc ikapiga honi moja fupi: nakaa kulia. Imo ikajibu kwa mbili. Dakika ya mwisho Mont-Blanc ikakata kushoto, Imo ikarudisha injini nyuma, omo yake ikayumba na kuupasua ubavu wa mwenzake. Moto ukawaka, na baada ya dakika 20 hivi shehena ikalipuka.

Shehena ndiyo iliyoua. Sheria ya mgongano, hata hivyo, huuliza mambo makavu zaidi: upande, mwendo, honi, na nani aliyechelewa kusimamisha injini.

Nahodha na rubani wa Imo walikuwa wamekufa. Nahodha Aimé Le Médec na rubani Francis Mackey wa Mont-Blanc walikuwa hai, na mji wenye hasira ulikuwa na watu wa kuwatazama usoni. Februari 1918 Jaji Arthur Drysdale aliitwisha Mont-Blanc lawama yote. Wawili hao, pamoja na afisa mmoja wa jeshi la maji, walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Hakuna aliyetiwa hatiani. Ajabu ni kwamba wenye meli waliposhtakiana, kesi ilirudi kwa Drysdale huyo huyo, naye hakubadili neno.

Wa juu yake walibadili. Mwaka 1919 Mahakama ya Juu ya Kanada, majaji wakiwa wamegawanyika, iliziona meli zote mbili na hatia sawa. Mwaka 1920 Baraza la Faragha la London, ambako baadaye rufaa za Kenya na Tanganyika pia zilifika, likakubali: kila moja iliiacha nyingine isogee mno. Mkataba wa Brussels wa 1910 ulikuwa umeshaweka kanuni kwamba lawama hugawanywa kwa kadiri ya kosa, na makosa yasipopimika, nusu kwa nusu.

Mackey alirudishiwa leseni yake mwaka 1922.