Pikipiki Zilizokaa Chini: Mafundi Wasiotajwa Walioanzisha Mtindo

Wadau, kuna aina ya pikipiki ya Kimarekani ambayo hata mtu asiyejua lolote kuhusu injini ataigeukia barabarani. Mbele imejinyoosha, usukani uko juu, halafu nyuma imekaa chini kabisa, kiti kinakaribia kugusa tairi. Dereva unamwona kama amekalia lami. Wengi wanadhani umbo hilo lilibuniwa na wahandisi wa kiwandani. Wapi! Kiwanda ndicho kilichoiga, tena kwa kuchelewa, na walioigwa walikuwa mafundi wa gereji za uani ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Turudi nyuma kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Harley-Davidson ilitengenezea jeshi pikipiki za WLA kwa makumi ya maelfu. Vita vilipokwisha, nyingi ziliuzwa kwa raia kwa bei chee. Vijana waliotoka jeshini wakazichukua, wakang'oa madigadi ya mbele, wakakata ile ya nyuma, wakatupa kila kitu kilichoongeza uzito. Hizo ndizo zikaitwa bobber. Kumbuka pikipiki hizo hazikuwa na shokapu nyuma. Gurudumu lilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, na springi pekee za kumhurumia dereva zilikuwa chini ya kiti. Aliyetaka kukaa chini zaidi alizitoa, akakilaza kiti juu ya fremu, basi. Mgongo ulilipa gharama.

Mwaka 1958 Harley ikatoa Duo-Glide, pikipiki yake kubwa ya kwanza yenye shokapu nyuma. Wapinzani wao Indian walikuwa wameshaweka springi nyuma tangu 1940, kwa hiyo si kwamba walikuwa na haraka. Raha ikaja, lakini kwa macho ya wale vijana umbo likaharibika. Gurudumu linalopanda na kushuka linahitaji nafasi ya kupandia, kwa hiyo madigadi inanyanyuliwa, na kiti nacho kinapanda. Ule mstari mnyoofu ulioteremka kutoka shingo ya pikipiki hadi ekseli ya nyuma ukapotea. Mafundi wakafanya jambo ambalo mhandisi angeliita wazimu: wakarudia fremu za zamani, au wakakata sehemu ya nyuma ya fremu mpya na kuchomelea nyingine isiyo na shokapu kabisa. Chopper za miaka ya 1960 nyingi zilizaliwa hivyo.

Hapa ndipo inapoingia sinema ya Easy Rider ya mwaka 1969. Hata kama hujaitazama, ile pikipiki yenye tanki lililochorwa bendera ya Marekani umeiona mahali, kwenye fulana au kwenye bango la kinyozi. Zilijengwa kutokana na Harley kuukuu za polisi zilizonunuliwa mnadani Los Angeles. Nyuma hazina shokapu hata moja. Ule ulegevu wa kifalme unaouona kwenye skrini, jamaa wamejilaza utadhani wako kwenye kochi, umekaa juu ya chuma kigumu kinachopeleka kila shimo moja kwa moja kiunoni.

Nani alizijenga? Sinema ilipotoka, majina ya wajenzi hayakuwekwa kwenye orodha ya walioshiriki. Sifa zilikwenda kwa waigizaji. Ilichukua miongo mingi umma kuelewa kwamba kazi ile ilikuwa ya Wamarekani weusi wawili: Cliff Vaughs, mwanaharakati wa haki za raia, na fundi Ben Hardy wa kusini mwa Los Angeles. Yaani chombo kilichokuwa nembo ya uhuru wa Mmarekani mweupe kwenye barabara kuu kilitoka mikononi mwa watu weusi, katika mwongo uleule waliokuwa wakipigania haki ya kupiga kura. Mimi kila nikiiona picha ile, siangalii bendera tena, naangalia namna fremu ilivyoshuka.

Kiwanda nacho hatimaye kikasoma alama za nyakati. Mwaka 1977 Harley ikatoa Low Rider, kiti kikiwa takriban inchi 27 tu kutoka ardhini. Kushusha nyuma kukawa biashara ya dukani: nunua shokapu fupi, funga, ondoka. Watu wafupi walifurahi, maana sasa miguu miwili ilikanyaga chini kwenye taa nyekundu. Ila bwana, ukiipunguzia shokapu urefu unapunguza na nafasi ya kupanda gurudumu. Tuta dogo tu, tairi linapiga madigadi. Ukilalia kona, eksozi inakwaruza lami mapema. Mbele inanyanyuka kidogo, usukani unakuwa mzito kugeuka. Hata stendi ya pembeni inakuwa ndefu mno, pikipiki inasimama wima na upepo unaweza kuiangusha. Huku kwetu ukimwambia kijana wa bodaboda aishushe nyuma atakuona umechanganyikiwa, yeye anawaza abiria wawili na gunia.

Aliyetegua kitendawili alikuwa mhandisi wa Missouri, Bill Davis. Katika miaka ya 1970 alibuni fremu inayoonekana kama ya zamani isiyo na shokapu, kumbe springi zimefichwa. Alimwonyesha Willie G. Davidson wa Harley mwaka 1976, kampuni ikaja kununua ubunifu huo, na Softail ikatoka ikiwa modeli ya 1984, shokapu zikiwa zimelazwa chini ya giaboksi. Kwa kuwa zilikuwa zinavutwa badala ya kubanwa, fundi anayetaka kuishusha Softail hizo za zamani hafupishi shokapu, anazirefusha! Mafundi wengi wapya hapo huwa wanakuna kichwa.

Davis alipata mkataba, na jina lake liko kwenye historia ya kampuni. Hardy alifariki mwaka 1994, kabla dunia haijajifunza kulitamka jina lake. Vaughs aliishi hadi 2016, kwa hiyo alishuhudia mnada wa Oktoba 2014 huko California, ambako pikipiki iliyodaiwa kuwa ndiyo iliyobaki kutoka kwenye sinema ile ilipigwa nyundo kwa dola milioni 1.35, huku watu wakibishana kama ni yenyewe au la.