Tairi Jembamba la Mbele: Linakofaa na Linakohatarisha Maisha

Mkulima wa mpunga katika Kata ya Ngorongo, wilayani Rufiji, Mkoa wa Pwani, hahitaji kuelezwa jinsi chombo chenye matairi membamba mbele na mapana nyuma kinavyoonekana. Trekta linaloshuka bondeni baada ya maji ya Mto Rufiji kupungua lina umbo hilo hilo. Hakuna anayelitilia shaka, kwa kuwa kazi yake ni ya shambani na mwendo wake ni wa taratibu. Umbo hilo likihamishiwa kwenye gari dogo la abiria linalokimbia katika lami ya Barabara ya Kilwa, kati ya Kibiti na Ikwiriri, hesabu yake hubadilika kabisa.

Mtindo wa kufunga matairi membamba mbele ya gari la kawaida umetokana na mashindano ya mbio fupi za mstari mnyoofu. Mashindano hayo yalikua nchini Marekani, na chama kikuu kinachoyasimamia huko, NHRA, kiliundwa mwaka 1951. Umbali wake wa jadi ni robo maili, yaani takriban mita 402. Gari la mashindano hayo huwa na nguvu nyingi zinazopelekwa kwenye magurudumu ya nyuma, na linapoondoka uzito wake huegemea nyuma kiasi kwamba magurudumu ya mbele huweza kunyanyuka kutoka ardhini. Katika hali hiyo tairi la mbele halina kazi kubwa zaidi ya kulielekeza gari. Kulipunguza upana kunapunguza uzito, msuguano wa kubingirika na ukinzani wa upepo. Gari hilo halikati kona, halibebi abiria, na mbele yake kuna njia tupu ya kupunguzia mwendo. Yale yenye kasi kubwa kabisa hufungua miamvuli nyuma ili yasimame. Baadhi ya matairi yake huandikwa ubavuni kuwa ni ya mashindano tu, na hayaruhusiwi katika barabara za umma.

Trekta la magurudumu mawili ya kuvuta lina sababu zinazokaribiana na hizo. Nguvu yake iko nyuma, mzigo wa jembe uko nyuma, na katika matrekta mengi ya aina hiyo hata breki hufanya kazi kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Tairi la mbele lenye mistari ya kuzunguka limeundwa ili lishike mwelekeo kwenye udongo laini. Kwa maneno mengine, trekta na gari la mashindano vimeondoa kazi ya kusimamisha chombo kutoka mbele. Gari la abiria halijafanya hivyo.

Dereva anapokanyaga breki, uzito wa gari huhamia mbele. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka breki zenye nguvu zaidi kwenye magurudumu ya mbele, na sehemu kubwa ya kazi ya kulisimamisha gari hufanywa na matairi mawili ya mbele. Matairi hayo hayo ndiyo yanayogeuza gari. Yakiwa membamba kuliko yaliyokusudiwa, huishiwa na uwezo wa kung'ang'ania lami mapema. Gari lisilo na mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga huteleza huku magurudumu ya mbele yamesimama, na usukani hata ukizungushwa, gari huendelea moja kwa moja. Kwenye kona nako, sehemu ya mbele husukumwa kuelekea nje ya barabara kabla ya ile ya nyuma kupoteza mshiko. Mwendo huongeza ukali wa tatizo: kutoka kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo katika maeneo ya makazi, hadi kilomita 80, nguvu inayopaswa kumalizwa na breki huongezeka zaidi ya mara mbili na nusu.

Jambo ambalo wamiliki wengi hawalioni ni uwezo wa kubeba uzito. Mfano wa kawaida ni tairi lililoandikwa 195/65R15 91H. Namba 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Herufi H huonyesha kwamba mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa tairi hilo ni kilomita 210 kwa saa. Namba 91 si uzito wenyewe bali ni alama ya kiwango cha mzigo, na maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja lililojazwa upepo unaotakiwa. Tairi jembamba la 155/80R15 82S huingia kwenye ringi ya kipenyo hicho hicho cha inchi 15. Kimo chake chote ni takriban milimita 629, dhidi ya 634 za lile la kwanza, hivyo kwa macho tofauti ya urefu ni ndogo mno. Lakini alama 82 ni kilo 475 tu.

Kwa matairi mawili ya mbele, tofauti hiyo ni kilo 1,230 dhidi ya kilo 950. Tuchukulie gari la abiria ambalo ekseli yake ya mbele hubeba kilo 1,100 likiwa limejaa watu na mizigo. Matairi ya awali yanaumudu uzito huo na kubakiza akiba. Yale membamba yamekwisha kuzidiwa kabla gari halijaondoka kituoni, na kabla breki haijaongeza uzito mwingine mbele. Tairi lililozidiwa hupinda mno ubavuni, hupata joto, na joto hilo likiungana na mwendo mrefu wa mchana katika mkoa wa Pwani, tairi huweza kupasuka. Kulipasukia gari tairi la nyuma ni hatari. La mbele huchukua na usukani.

Ringi nayo ina masharti yake. Tairi la milimita 155 limekusudiwa ringi nyembamba kuliko la 195. Likilazimishwa kwenye ringi pana, ubavu wake huvutwa nje na ukingo wake hauketi vizuri, na shimo moja la barabarani linatosha kulitoa mahali pake.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kulilaumu tairi jembamba kwa kila jambo. Kwenye lami iliyotuama maji ya mvua, tairi jembamba lenye meno mazima hukata maji vizuri kuliko pana, na haliwahi kuelea juu yake. Kwenye tope jepesi lililolala juu ya ardhi ngumu huzama hadi chini na kupata mshiko. Land Rover za kwanza za mwaka 1948 zilifungwa matairi ya 6.00-16, yaani upana wa takriban milimita 152, na magari ya aina hiyo yalijijengea heshima kubwa vijijini Afrika Mashariki. Wakazi wa Rufiji wenye umri mkubwa wanakumbuka safari za kusini kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wakati magari yalipovuka mto kwa kivuko cha Ndundu. Hata baada ya daraja, kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwasumbua wasafiri kila masika hadi kilipowekewa lami. Katika njia ya namna ile, kwa mwendo wa pole, tairi jembamba lilikuwa chaguo la busara. Tofauti ni kwamba matairi hayo yalikuwa na ubavu mgumu wa kubebea mzigo, yalifungwa magurudumu yote manne, na yalichaguliwa na mtengenezaji wa gari. Kwenye mchanga mkavu, ambao nao haukosekani katika njia za Rufiji na Kibiti, hata hayo huzama.

Mwananchi anayenunua gari lililotumika, au anayeshauriwa na fundi kubadili matairi, anaweza kujua ukweli bila gharama. Watengenezaji wengi hubandika kwenye nguzo ya mlango wa dereva kibandiko kinachotaja ukubwa wa matairi na upepo wa mbele na nyuma. Alama ya mzigo ya tairi jipya isiwe chini ya ile iliyotajwa na mtengenezaji. Matairi mawili ya ekseli moja yawe ya ukubwa na aina moja. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, tofauti ya kipenyo kati ya mbele na nyuma huweza kuharibu mfumo wa gia, na ukarabati wake hugharimu kuliko seti nzima ya matairi. Yako magari machache ambayo yametoka kiwandani yakiwa na matairi mapana nyuma kuliko mbele. Hayo yamepimwa hivyo pamoja na breki zake, na kibandiko chake husema hivyo.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha barabarani gari ambalo hali yake inahatarisha watu, na askari wa Kikosi cha Usalama Barabarani wana mamlaka ya kulisimamisha na kulikagua. Abiria anayepanda gari Kibiti au Ikwiriri naye hazuiwi kutazama. Kabla ya kulipa nauli, ulinganisho wa matairi ya mbele na ya nyuma, pamoja na kusoma namba zilizo ubavuni, huchukua chini ya dakika moja.