Kutoka Nyumba ya Wageni hadi Nyumba ya Historia

Makala haya mafupi yanachunguza swali moja: je, jengo kongwe lililojengwa kupokea wageni laweza kuwa nyumba ya sanaa na historia kwa wenyeji?

Mjini Goma swali hili lina uzito wa pekee. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikateketeza nyumba, maduka na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Mji uliopatwa na msiba kama huo haufai kubomoa kwa mikono yake kile ambacho moto umekisaza.

Mfano wa kufaa unapatikana Dar es Salaam. Katika miaka ya 1866 na 1867 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alijenga huko, kando ya kasri lake, nyumba ya kulaza wageni, yenye kuta za mawe ya matumbawe na milango ya nakshi. Majid alifariki mwaka 1870, na mji wake ukadorora. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapo kutoka Bagamoyo. Jina ambalo nyumba hiyo inajulikana kwalo, Boma la Kale, linakumbusha enzi za utawala. Mwaka 1979 ilikusudiwa kubomolewa, ikanusurika. Hatimaye, baada ya kukarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, ilifunguliwa mwaka 2017 kuwa kituo cha urithi wa usanifu majengo, chenye maonyesho kwa umma.

Tunajifunza nini? Kwanza, chokaa na boriti peke yake haviokoi jengo. Jengo huokolewa na kazi linayopewa, kwani lisilo na kazi huonekana kiwanja kitupu. Pili, nyumba ya historia haina budi kusimulia hata yasiyopendeza. Katika Kongo ya Wabelgiji hoteli zilijengwa hasa kwa ajili ya Wazungu. Waafrika waliingia kupika, kufua na kutandika vitanda. Kuigeuza hoteli ya namna hiyo kuwa ya umma ni kuwapa hao nafasi sebuleni.

Wasanii Goma inao: kituo cha Yole!Africa kimewafunza vijana filamu na dansi. Wazee wanaokumbuka nao wapo, ila wanapungua kila mwaka. Hivyo basi, kazi ya kukusanya masimulizi yao isingoje fedha za ukarabati. Kuta zaweza kusubiri; wazee hawawezi.